Kuanika au Burashi?

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia. Nimeanza hivi kwa sababu ulinifundisha kwamba hata ukiwa na hasira na mkubwa wako, salamu humnyimi. Basi salamu umeipata. Hasira inafuata.

Jumamosi iliyopita tulikaa Kang'ata, watoto wako wanne, pamoja na baba mkubwa Salehe, tugawane ulivyoviacha. Shamba la mahindi na mihogo liligawanywa bila kelele. Lilipofika fungu langu nikasema silitaki. Wadogo zangu wakadhani naringa kwa sababu mimi ni mwalimu wa mjini Korogwe. Baba mkubwa akauliza, "Sasa wewe mwenzetu unataka nini?" Nikasema nataka kamba ya mbuzi. Wakacheka sana, hata mama akajifunika uso kwa kanga. Nilikuwa nasema kweli. Nilikwenda jikoni nikaitoa msumarini nyuma ya mlango, ile kamba ya katani iliyolainika kwa miaka ya shingo za mbuzi, nikaitia mkobani. Kisha nikawaambia kwa nini, na hakuna aliyecheka tena.

Barua hii naiandika wazi. Waisome wadogo zangu na watoto wao, na yeyote wa ukoo atakayetaka.

Unakumbuka ulivyonifundisha kusokota kamba? Nilikuwa darasa la pili. Mvua za vuli zilikuwa zimetufungia barazani na wewe ulikuwa na fungu la katani nyeupe, ndefu kuliko mimi. Ulinipa ncha nishike kwa meno, mikono miwili ikazungusha. "Singa usizibane," uliniambia. "Ziache kwanza zikae sawa, ndipo uzisokote." Ulikuwa na subira siku ile ambayo sikuiona tena kwako mpaka unakufa. Vidole vyako vilizichana zile nyuzi haraka mno, kama mtu aliyeanza kazi hiyo kabla hajaota meno ya pili. Sikukuuliza umejifunzia wapi. Mtoto haulizi baba yake amejifunzia wapi kitu, anadhani baba kazaliwa nacho.

Na Misima, unaikumbuka? Kila baada ya mavuno ulinichukua mimi peke yangu, tukapanda gari mpaka Misima, na pale kituoni alikuwapo mwanamke mzee aliyetoka Korogwe na kamba zake. Ulisema, "Mwamkie mama." Nami nikasema, "Shikamoo mama." Alikuwa akishusha mtandio wangu na kupitisha vidole kwenye nywele zangu, taratibu, hadi nasinzia. Viganja vyake vilikuwa vigumu na vimechanikachanika. Alininunulia maandazi. Nyinyi wawili mlisimama mkitazama barabara, mkisema maneno machache ya mvua na mahindi. Gari la kurudi likija alikupa kamba moja ya kufungia mbuzi, nawe ukajibu, "Asante mama."

Mama! Nchi hii kila mwanamke mzima ni mama. Muuza vitumbua ni mama, mwalimu wangu alikuwa mama, mke wa jirani ni mama. Ulitafuta neno la kumfichia, ukapata neno ambalo hakuna mtoto angelishuku.

Nyumbani nikiulizwa tulikwenda wapi, ulinifundisha kujibu, "Tulikwenda kununua kamba kwa mama wa kamba."

Mwaka wa mwisho hakuja. Tulikaa kituoni toka asubuhi mpaka gari la mwisho likapiga honi. Njiani ukasema, "Labda kaacha biashara." Ukatazama nje mpaka Handeni. Nilikuwa na miaka kumi na moja, nikakuhurumia kwa kukosa kamba.

Sasa niseme la ukoo, kwa ajili ya watakaosoma na hawakulisikia. Babu alikuwa na wake wawili. Wa kwanza ndiye mama yake baba mkubwa Salehe. Wa pili, mdogo, aliitwa Zaina binti Mhina, na huyo ndiye aliyekuzaa wewe. Babu alikufa Zaina akiwa na mimba changa. Mwaka huo njaa ilikuwa kali, na wa nyumba kubwa walikula kwanza. Zaina hakumaliza eda. Alifunga nguo zake akaenda kwa miguu mpaka kwenye mashamba ya mkonge Korogwe, kulikokuwa na kazi na posho ya unga. Wazigua wa Kang'ata walikuwa hawaendi mkongeni. Mkonge, walisema, ni wa manamba, watu wa kuja, watu wasio na kwao. Kwa hiyo kosa lake la kwanza ni kuvunja eda, na la pili ni kwenda kwa manamba. La tatu walimtafutia baadaye.

Ulizaliwa huko kambini. Ulipofikisha miaka saba walikuja kukuchukua, maana mtoto wa kiume ni wa ukoo. Yeye walimwacha.

Ulipokua na kutaka fungu lako la ardhi, baba mkubwa alikwenda Korogwe kutafuta ushahidi wa lini ulizaliwa, ili ijulikane kama ni mimba ya marehemu au ni ya baadaye. Karani wa shamba alimfungulia kitabu kikuukuu walichowahesabia watu wa kambi, akamnakilia mstari mmoja kwenye kipande cha karatasi. Tarehe hakuna. Ni hivi tu: *Zaina bt. Mhina, Mzigua, Kang'ata, Singa, mtoto 1.*

Baba mkubwa alirudi na karatasi hiyo akaisoma mbele ya wazee. Jina, kabila, kwao. Halafu Singa. Singa ni nani? Pale kiwandani alikuwapo fundi wa mitambo, Kalasinga mwenye kilemba. Basi kesi imekwisha. Na ushahidi mwingine ulikuwa umekaa mkekani mbele yao: nywele zako. Laini, za kulala, nywele za singa hasa, ambazo ukoo mzima haukuwa nazo. Kuanzia siku hiyo wakakuita mtoto wa Singa.

Nimekua na jina hilo, baba. Kwenye harusi, wanawake wakinisuka, walisema, "Lete hizo singa za Kihindi." Nilipigana shuleni. Wewe uliposikia ulitabasamu kidogo ukaondoka. Nilikuona mkubwa mno, mtu anayebeba aibu ya mama yake bila kulalamika. Nilimchukia bibi ambaye niliambiwa alipotea na Kalasinga wake. Nilimchukia kwa ajili yako.

Halafu ikaja sensa.

Walimu wengi tulikuwa makarani wa sensa. Nilipangiwa eneo la kambi ya zamani ya mkonge, nyumba ndefu za matofali zilizogawanywa vyumba, mabati yameliwa na kutu. Nilikula kiapo kwamba majibu ya mtu sitayatoa, kwa hiyo mwanamke ninayemtaja simtaji jina, na yale niyasemayo aliniambia niliporudi baadaye bila kikoti wala kishikwambi. Ni jibu moja tu la siku ya sensa yenyewe nitakalolitoa, na naamini kwa hilo atanisamehe.

Nilifika kwenye swali la kazi. Nikamuuliza anafanya kazi gani.

"Andika singa," akasema.

Nikadhani sijasikia. "Bibi, nauliza kazi."

"Ndiyo nakujibu. Singa."

"Hiyo ni kazi?"

Akanitazama vile mpishi anavyomtazama mtu aliyeuliza kama ugali unasongwa. "Wewe mwalimu umesomea wapi? Mkonge unakatwa, hao ni kata. Unapelekwa kwenye mashine ya kusaga jani, hao ni korona. Zikitoka singa mbichi zinaanikwa kwenye waya, zikikauka zinapigwa burashi, hao ni singa. Asubuhi karani anaita: kata huku, korona huku, singa huku. Wanawake wengi tulikuwa singa."

Sisi Kang'ata tunasema katani, baba. Singa tunazijua kichwani mwa mtu. Nilimaliza maswali yangu, na niliporudi baada ya sensa nilimuuliza kama aliwahi kumjua Zaina binti Mhina.

Alinyoosha mkono, akausogeza mtandio wangu nyuma. "Nywele ndizo hizi," akasema. "Sisi tulikuwa tukimtania, Zaina wewe umeanika singa mpaka zimekuota."

Nywele ni zake. Ni za mama yako mwenyewe, alizokuja nazo kutoka Kang'ata chini ya kitambaa, na hakuna wa ukoo wa babu aliyewahi kumfunua kichwa aone.

"Na Kalasinga?"

"Nani, fundi? Mzee wa watu yule! Alikuwa akituita wote Fatuma." Alicheka hadi akakohoa. Kisha akaacha. Akanieleza kwamba Zaina alikuwa na mtoto Kang'ata aliyekatazwa kumfuata, na kila mwaka alisokota kamba akaenda Misima kumpa, kwa sababu mtoto hamwendei mama yake mikono mitupu, na mama naye hapendi kupokea tu akaonekana ombaomba. Akaniambia alivyougua. Alikaa wiki tatu kwenye chumba cha kona. Alikufa mwezi mmoja kabla ya safari ya Misima, na kamba ya mwaka huo ilikuwa imefika nusu. Waliomwosha ni wanawake wa singa. Waliomzika ni manamba. Alitumwa mtu Kang'ata na habari, naye alirudi akasema zimepokelewa.

Sikufikiria hapo zilipokelewa na nani. Nilikuwa na furaha, baba! Naona haya kusema nilikuwa na furaha kiasi gani. Nilipanda basi la kwanza kuja kwako, nikiwaza namna nitakavyokuambia kwamba miaka yote hii umebeba tusi lisilo na msingi, kwamba mama yako alikuwa safi, kwamba neno lile ni kazi tu, kazi kama ualimu. Nilijiona nakuletea uhuru wako mkobani. Misima nilishuka nikanunua maandazi.

Nilikukuta barazani unapukuchua mahindi. Ulikuwa umeshakonda wakati ule. Hata maji sikunywa. Nikasema, "Baba, singa si mtu! Singa ni kazi. Bibi alikuwa mtu wa singa!"

Nawe, bila kuinua macho, vidole vikiendelea na gunzi, ukauliza:

"Kuanika au burashi?"

Nadhani hata wewe hukujua umesema nini mpaka umekwisha kusema. Vidole vilisimama. Punje moja ilianguka nje ya ungo na tukaitazama wote wawili.

Hilo si swali la mtu aliyelelewa Kang'ata. Ni swali la mtoto wa kambi, aliyekuwa akimshikia mama yake mafungu chini ya waya. Pale pale nikaisikia sauti yako barazani hapo hapo, mvua ikinyesha, mimi nina ncha mdomoni. Singa usizibane. Neno hilo ulinipa mwenyewe, nami nikalisahau, na wewe hukulisahau siku hata moja.

"Ulijua," nikasema.

"Mavi ya kale hayanuki, mwanangu."

Baba, haya yananuka. Yamenuka nyumbani kwetu maisha yangu yote, nami nikidhani ni harufu ya mtu mwingine.

Nilikuuliza siku ile ulikaaje mbele ya wazee ukamsikia kaka yako akilisoma neno hilo vibaya, ukanyamaza. Ukasema walikuwa wameshaamua. Walisema mtoto hana kosa, kosa ni la mama. Ukikubali mama yako asikanyage Kang'ata, ardhi utapewa kama wengine. "Walikuwa wameshanipa," ulisema. "Mtu ukishapewa, husemi tena."

Na kisha ukasema lile lililoniuma kuliko yote, kwa sauti ndogo: "Nikisema singa ni kazi, wangeniuliza nimejuaje."

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Miaka yako saba ya kambini uliwaambia hukumbuki kitu. Hukutaka wajue kwamba na wewe ulianika. Wenzako walikuwa wanacheka manamba, na wewe ulitaka kucheka nao. Ungelisema neno moja, aibu ingekuwa yako kidogo, ya siku mbili tatu, kijana aliyekulia mkongeni. Ulinyamaza, ikawa yake yote, na ya namna mbaya kuliko zote anazoweza kutupiwa mwanamke. Ukampimia kipande cha kukanyaga, mwisho Misima.

Najua utasema ulikuwa ukimwendea. Ndiyo, ulimwendea. Ungemwacha kabisa ningekuelewa kwa urahisi zaidi, ningesema huyu hana moyo. Lakini moyo ulikuwa nao, ukautoa mara moja kwa mwaka kituoni, ukaurudisha nyumbani na kamba. Nami ulinichukua ili nywele zangu zipapaswe na mtu ambaye hukuniruhusu kumwita bibi.

Na habari za kifo zilipofika Kang'ata, zilipokelewa na nani? Hilo nilikuuliza mara ya mwisho, ukiwa kitandani, na ukageukia ukutani. Nilijijibu mwenyewe. Lakini kama ulijua amekufa, kwa nini ulinipeleka Misima mwaka ule? Tulikaa pale toka asubuhi tukimngoja nani? Nimelala na swali hili na nimeamka nalo. Siku nyingine nadhani ndiyo matanga uliyomfanyia. Siku nyingine nadhani ulikuwa unataka tu nishuhudie kwamba ulikwenda.

Ulipozikwa nilikaa kimya. Si adabu kufunua chungu juu ya kaburi bichi. Lakini Jumamosi, kamba ikiwa mkobani, nilisimama. Baba mkubwa Salehe alikuwa na karatasi yake, bado anaitunza kwenye kopo. Nilimwomba, nikausoma mstari ule ule kwa sauti, kisha nikaeleza kata, korona na singa. Nilijiandaa kumshambulia. Miaka yote nilimwona yeye ndiye aliyetuharibia. Kikulacho ki nguoni mwako, nilikuwa nimeyaandaa maneno hayo kwa ajili yake.

Mzee wa watu alichukua karatasi ile mkononi, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. Midomo ikatembea bila sauti. "Sisi tungejuaje maneno ya mkongeni?" akasema. "Hatukufika huko." Kisha akanitazama. "Lakini yeye alikuwa amekaa hapa. Hapa, mkono wangu wa kulia. Aliniona nakosea. Kwa nini hakuniambia?"

Akalia, baba. Yule mzee mkali ambaye watoto hukimbia fimbo yake alilia mbele ya wajukuu, akamwomba radhi mwanamke aliyekwisha kufa. Alikosea, na amelia. Wewe hukukosea.

Wadogo zangu wanasema nimekuvunjia heshima. Mama hasemi nami. Labda ni haki yao. Wao wanakula shamba lile na mimi pia nimelishwa nalo, ada yangu ya ualimu imetoka kwenye mihogo yake. Silikatai kwa kujiona msafi. Nalikataa kwa sababu kila ninapolitazama naona bei yake, na aliyelipa si wewe.

Wiki hii nilikwenda kambini. Yule mwanamke alinionyesha makaburi ya watu wa mkonge, nyuma ya safu za mwisho ambazo hakuna anayezikata tena, zimerefuka na kutoa maua. La Zaina lina mawe matatu. Nilikuwa nimechongesha kibao. Fundi aliniuliza aandike nini chini ya jina. Nikamwambia. Akasema, "Singa ndiyo nini, mwalimu? Watu hawataelewa." Nikamwambia aandike, na asiyeelewa aulize. Ndilo jambo ambalo ukoo wetu haukulifanya.

Kamba nimeipima leo kwa pima za mikono yangu. Ni fupi, haivuki uani. Nilidhani mbuzi walifika nayo mbali.

Mungu akupokee kwa rehema, kwa maana mimi bado sijaweza. Pumzika katika ardhi uliyopewa. Na huko uliko, ukimwona amesimama peke yake, umwendee mpaka alipo, usimngoje kituoni. Mwamkie mama yako mbele za watu.

Mimi,
Mjukuu wa Singa